Ndege Nyepesi na Amana ya Fundi

Mwaka 1957, katika nchi ya Uingereza, eropleni moja ndogo ya mti na kitambaa ilirudishwa hewani baada ya kukaa kimya zaidi ya miaka 30. Jina lake lilikuwa Wren, ambalo ni jina la ndege mmoja mdogo wa vichaka vya Ulaya. Bawa lake lilikuwa na urefu wa futi 37 toka ncha mpaka ncha, lakini uzito wake, bila ya rubani wala petroli, ulikuwa ratili 232 tu, yaani kilo 105, ambao haupiti sana uzito wa gunia moja la mahindi. Kampuni ileile iliyoiunda, English Electric, ndiyo iliyoifufua, kisha ikaikabidhi kwa watunzaji wa mkusanyo wa Shuttleworth huko Old Warden, ambako vyombo vya kale vya anga huhifadhiwa kwa kurushwa, si kwa kutazamwa tu. Tukio hilo laweza kuonekana dogo katika historia ya karne iliyopeleka watu mwezini. Walakini linazaa swali ambalo halijapata kuzeeka: chombo chepesi kilichochakaa kinapofufuliwa, ni kitu gani hasa kinachorudi, na ni nani mwenye dhamana ya kusema kwamba kimerudi salama?

Ili swali hilo lijibiwe yafaa kuanza na sababu ya wepesi wenyewe. Vita vya mwaka 1914 hata 1918 viliacha nyuma yake marubani wengi na ndege nyingi, lakini ndege zile zilikuwa na injini kubwa zenye kunywa petroli kwa pupa, na mtu wa mapato ya kawaida hakuweza kuzimiliki. Ikazuka fikra ya kutafuta ndege ya mtu mmoja, ndogo kwa gharama na ndogo kwa ulaji. Mwezi wa Oktoba 1923 shindano lilifanywa Lympne, katika jimbo la Kent, na tuzo iliwekewa ndege itakayokwenda mbali zaidi kwa galoni moja ya petroli. Wren, iliyobuniwa na W. O. Manning, iliingia katika shindano hilo ikiwa na injini ya aina ya ABC, asili yake ya pikipiki, yenye ujazo wa sentimita 398. Ilikwenda maili 87 na nusu kwa galoni moja, ikagawana tuzo na ndege nyingine iitwayo ANEC I iliyofikia kadiri ileile.

Ushindi wa namna hii hauletwi na injini peke yake. Huletwa na randa. Katika chombo chepesi kila ubao hupunguzwa mpaka ukabaki ule ambao hauwezi kupunguzwa tena, na kila kiungo hupewa kazi moja ambayo hakuna kiungo kingine cha kuifanya badala yake. Hapo ndipo ilipo siri ya wepesi, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Ndege kubwa ya abiria ina akiba: injini moja ikizimika, ya pili huendelea, njia moja ya usukani ikikatika, nyingine hushika kazi, fundi mmoja akisahau, mkaguzi hukumbuka. Ndege nyepesi haina akiba ya namna hiyo. Waya mmoja ndio unaolishika bawa, komeo moja ndilo linaloushika waya, na jicho la mtu mmoja ndilo lililolitazama komeo asubuhi ile. Wepesi, kwa hiyo, si upungufu wa uzito tu, bali ni upungufu wa msamaha.

Wren iliyorushwa mwaka 1957 ilikuwa namba 4 katika jamaa yake. Ndugu yake, namba 3, alitoa baadhi ya viungo vyake ili wa pili akamilike. Mtu mwenye kupenda hoja anaweza kuuliza kama chombo kilichopatikana kwa njia hiyo ni kile cha mwaka 1923 au ni kingine chenye jina lake. Pwani ya Afrika ya Mashariki hoja hii haina ugeni. Jahazi hupandishwa mchangani, ubao ulioliwa na wadudu wa baharini hutolewa, mwingine huchongwa mahali pake, kisha chombo hutiwa kalafati na kupakwa shahamu. Baada ya miaka mingi pengine hausalii ubao mmoja wa siku ya kwanza, na hata hivyo nahodha haambiwi kwamba amepata jahazi jingine. Watu hulijua kwa umbo lake, kwa mwendo wake, na kwa mfululizo wa mikono iliyolitengeneza bila ya kukatika. Kwa kipimo hicho Wren ni ileile.

Lakini mfano wa jahazi una mpaka wake, na mpaka huo ndio unaofundisha. Jahazi likivuja, mabaharia hufua maji na kutafuta bandari. Bahari huwapa muda wa kujuta na kurekebisha. Hewa haina kufua maji. Gundi ya kale, ambayo katika ndege nyingi za zama zile ilitengenezwa kwa maziwa, hudhoofishwa na unyevu na ukungu. Ikiachia ndani ya bawa, hapana tone linaloonekana wala sauti inayosikika mpaka dakika ya mwisho. Kwa hiyo fundi wa ndege ya kale hawezi kungoja ubao useme. Humpasa auhoji kabla haujasema. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta ni ya watu wa nchi kavu, ambao hupewa nafasi ya kujenga ukuta. Kwa mrukaji, ufa na ukuta huanguka siku moja.

Miaka 10 baada ya shindano la Lympne, wepesi ulipata mhubiri wake mkubwa nchini Ufaransa. Henri Mignet aliunda mwaka 1933 ndege ndogo ya mabawa mawili yaliyofuatana, moja mbele na jingine nyuma yake, akaipa jina la Pou-du-Ciel, yaani Chawa wa Mbinguni. Mwaka 1934 alitoa kitabu kilichoeleza jinsi mtu asiye fundi wa ndege awezavyo kujiundia yake nyumbani kwa zana za kawaida, na mwezi wa Agosti 1935 alivuka mwenyewe mlango wa bahari baina ya Ufaransa na Uingereza kwa ndege hiyo. Watu walishikwa na shauku kubwa. Katika vibanda vya nyuma ya nyumba, katika nchi nyingi, misumeno ilianza kulia. Ndoto ya watu wote kuruka, ambayo mpaka wakati huo ilikuwa ya matajiri na majeshi, ilionekana kushuka mpaka kwenye meza ya seremala.

Kisha vikaja vifo. Katika miaka ya 1935 na 1936 marubani kadhaa walianguka kwa namna moja: ndege iliinamisha pua, ikashuka, wala haikuinuka tena. Ndege iliyokamilika ilipowekwa mbele ya mashine kubwa za kupimia upepo huko Uingereza na Ufaransa, sababu ilidhihirika. Ndege ikishuka kwa mteremko mkali wa kadiri fulani, mabawa yale mawili yaliingiliana katika kazi. Rubani alipovuta usukani ili ainue pua, bawa la nyuma lilipata nguvu zaidi ya kuinua mkia, na kila alivyozidi kuvuta ndivyo ndege ilivyozidi kukataa. Dawa aliyoijua ilikuwa sumu asiyoijua. Ruhusa za kuzirusha zilisimamishwa nchini Uingereza, na ingawa Mignet alisahihisha michoro na ndege zake za baadaye zikaruka bila ya kasoro ile, nyingi katika zile za kwanza zilibaki vibandani, na baadhi yake zinaning'inia leo katika nyumba za makumbusho.

Mtu anayefufua Chawa wa Mbinguni wa aina ile ya kwanza amekabiliwa na jambo ambalo fundi wa Wren hakukabiliwa nalo. Aweza kupata mbao bora kuliko zilizokuwako mwaka 1935, na gundi yenye nguvu zaidi, na kitambaa kisichooza. Akaifuata michoro ya asili kwa uaminifu wote. Na mwisho wake atakuwa ameifufua hatari pamoja na ndege. Kosa halikuwa katika uchakavu bali katika fikra, na kosa la fikra halitibiwi kwa kubadili ubao. Hapa uaminifu kwa asili na uaminifu kwa uhai wa mtu huachana njia. Ama chombo kihifadhiwe kama kilivyokuwa na kisirushwe, ama kirushwe baada ya kusahihishwa na kukiri wazi kwamba kimesahihishwa. Hapana njia ya tatu, isipokuwa ya kujidanganya.

Baada ya vita vya pili vya dunia fikra ya ndege ya mtu wa kawaida ilififia kwa muda, kisha ikazaliwa upya katika miaka ya 1970 kwa mlango ambao hapana aliyeutazamia. Vijana wa Marekani, hasa wa California, walikuwa wakiruka kutoka vilimani kwa tiara kubwa zenye kubeba mtu. Wale waliokaa kwenye nchi tambarare hawakuwa na vilima, wakatafuta injini. Mwaka 1976, katika mkutano wa kila mwaka wa waundaji wa ndege huko Oshkosh, Wisconsin, John Moody aliuonyesha umati tiara yenye injini ndogo. Alikimbia kwa miguu yake mwenyewe mpaka bawa likamnyanyua, akapanda angani bila ya kilima. Katika miaka michache tu viwanda vidogo vilijaa. Quicksilver, kwa mfano, ilianza kama tiara ambayo mrukaji huning'inia chini yake. Baadaye ikatiwa injini, magurudumu, kiti na usukani, ikawa moja ya ndege nyepesi zilizouzwa kwa wingi. Ilifika kwa mnunuzi ndani ya makasha: mabomba ya alumini, nyaya, bolti, na mabawa ya kitambaa cha Dacron, kitambaa kilekile ambacho mashua za mashindano hushonewa matanga. Mnunuzi ndiye aliyeiunganisha. Basi bawa lilirudi kuwa tanga, na mwanaanga akarudi kuwa jamaa ya baharia.

Serikali ililazimika kuamua la kufanya. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika mwezi wa Oktoba 1982, ijulikanayo kama Sehemu ya 103, iliweka mipaka michache iliyo dhahiri: chombo kiwe cha mtu mmoja, uzito wake mtupu usifike ratili 254 (kilo 115), petroli yake isizidi galoni 5 za Kimarekani, mwendo wake usipite maili 55 za bahari kwa saa, kirushwe kwa burudani tu, kwa nuru ya mchana, wala kisipite juu ya miji yenye watu wengi. Ukikaa ndani ya mipaka hiyo, sheria haikudai uandikishaji, wala hati ya uzima wa chombo, wala leseni ya rubani, wala cheti cha daktari. Maana yake ilikuwa wazi. Mtu anayeruka peke yake, kwa chombo chepesi, mahali pasipo na watu, ahatarisha zaidi nafsi yake. Na nafsi hiyo akaachiwa mwenyewe.

Uingereza ilianza kwa njia nyingine. Ndege nyepesi ziliandikishwa, zikapewa vibali vya kuruka, na wakaguzi wakazitazama kila mwaka. Kifaa kidogo kilitumiwa kupima matanga ya mabawa: sindano hutiwa katika kitambaa na kuvutwa kwa mizani yenye springi mpaka uzito uliowekwa, kitambaa kikichanika kabla ya hapo, bawa limekwisha umri wake, hata likiwa lang'aa kama jipya. Lakini Uingereza nayo ilisogea. Mwaka 2007 ilizifungulia ndege za mtu mmoja zilizo nyepesi mno, na mwaka 2014 ikapanua uhuru huo kwa ndege za mtu mmoja ambazo uzito wake wa kuruka hauzidi kilo 300. Zile za watu wawili zilibaki chini ya mkaguzi. Mpaka huo wapasa kuangaliwa vizuri, maana ndani yake mna falsafa nzima: mtu ana idhini ya kuiweka rehani nafsi yake, lakini hana idhini ya kuiweka rehani ya mwenziwe.

Falsafa hiyo ni nzuri, ila ilisahau jambo moja: vyombo huishi kuliko wenyewe. Aliyeiunganisha ndege yake mwaka 1983 aliifahamu kila bolti kwa sababu aliikaza kwa mkono wake. Lakini mtu huzeeka, huhama, hufa. Ndege hufungwa bandani, huuzwa, huuzwa tena. Kwa kuwa sheria haikudai daftari, wengi hawakuweka daftari. Mnunuzi wa tatu au wa nne hupokea ndege ya miaka 40 isiyo na maandishi ya saa ilizoruka, wala ya siku iliyotua vibaya, wala ya jua lililoipiga. Alichonunua si mabomba na kitambaa peke yake. Amenunua pia dhamiri ya watu asiowajua, nzuri na mbaya, bila ya orodha. Uhuru uliotolewa kwa msingi kwamba kila mtu ajihatarishe mwenyewe umegeuka polepole kuwa uhuru wa mmoja kumhatarisha mwingine atakayekuja baada yake.

Hapo ndipo fundi anapolazimika kuwa mwanahistoria. Msomi aliyepewa hati isiyo na tarehe huitazama karatasi, wino, mwandiko na mikunjo, akaipata tarehe ndani ya kitu chenyewe. Fundi naye huanza na kitambaa. Dacron haiozi kwa mvua, bali huuawa na jua. Miale yake hukata nguvu za nyuzi kidogo kidogo wakati rangi bado inapendeza. Hulinganisha kitambaa cha juu ya bawa, kilicholipokea jua, na kile kilichofunikwa ndani ya mikunjo. Tofauti ya rangi humwambia ndege hiyo ilikaa nje muda mrefu au ililala ndani. Kisha hutazama mshono. Uzi wa cherehani hukaa juu ya kitambaa bila ya kivuli chochote, kwa hiyo waweza kufa kabla ya kitambaa unachokishika.

Baada ya kitambaa huja nyaya. Fundi mzoefu hupitisha kitambaa laini juu ya waya toka mwanzo mpaka mwisho. Uzi mmoja wa chuma uliokatika hukinasa, na mahali hapo hufichua uchovu ambao jicho halikuuona. Hachelei kuutupa waya mzima kwa ajili ya uzi mmoja, maana katika waya nyuzi hazifi moja moja kwa bahati. Ya kwanza ni mjumbe wa nyinginezo. Hutazama zaidi pale waya unapoingia katika kifungo chake kilichobanwa, kwani hapo mtikisiko wa injini hukoma na chuma huchoka. Kisha hufungua bolti. Bolti iliyopinda husimulia kutua kwa kishindo ambako muuzaji hakukutaja. Tundu lililokuwa la duara likawa kama yai husimulia saa nyingi za kutikisika. Nati zenye pete ya nailoni, ambazo hushika kwa ukavu wa pete hiyo, hulegea zikifunguliwa na kufungwa mara nyingi. Hizo huwekwa mpya, na bei yake ni ndogo kuliko ya jeneza.

Mabomba ya alumini nayo yana usemi wake. Hubingirishwa juu ya meza iliyonyooka, na yale yaliyopinda hujitangaza yenyewe. Kibonyeo kidogo kisichodhuru bomba la maji kinaweza kuliangamiza bomba la ndege linalobeba mzigo kwa kusukumwa toka ncha zake, kwa sababu bomba la namna hiyo lina nguvu maadam lina unyoofu, na kibonyeo ni mwanzo wa kukunjika. Kutu ya alumini, ile nyeupe kama unga, hupenda kukaa ndani, mahali maji yalipotuama. Kwa hiyo fundi huchungulia ndani kwa taa kabla ya kusifu nje.

Mwisho ni injini, na hapa historia ina maneno makali. Nyingi katika ndege hizi zilitiwa injini za Rotax za Austria, za namna ambayo mafuta ya kulainisha huchanganywa na petroli, kama katika pikipiki ndogo za zamani. Ni nyepesi, zina nguvu, na hazina vipande vingi. Lakini mtengenezaji mwenyewe, katika kitabu cha maelezo, amemwonya mwenye nazo kwamba injini hizo zinaweza kusimama ghafula wakati wowote, kwa hiyo asiruke mahali asipoweza kutua bila ya injini. Ni nadra fundi kuikana kazi yake kwa uwazi kiasi hicho, na uwazi huo ni katika sifa zake. Alishauri kwamba injini ifunguliwe na kufanyiwa matengenezo makubwa baada ya saa 300. Na umri nao una hukumu yake, kwani injini iliyolala miaka mingi bila ya kuruka hupata kutu katika beringi zake, na mipira ya petroli hukauka na kupasuka. Masizi hujikusanya juu ya pistoni na kuzigandisha ringi zake mahali zinapotakiwa kucheza. Aina kadhaa za injini hizo zimeacha kutengenezwa, na wenye nazo hutegemea akiba iliyobaki madukani na vipuri vya waigaji. Mtu anayeiona injini ikiwaka kwa mvuto wa kwanza baada ya miaka 15 ya kulala hufurahi. Fundi huona wasiwasi, kwa sababu kuwaka si ushahidi wa afya.

Huenda mtu akasema kwamba kwa kazi yote hiyo fundi amekiondoa kile alichokusudia kukihifadhi. Kitambaa cha asili kimetupwa, nyaya ni mpya, bolti ni mpya, injini imebadilishwa moyo. Kimesalia nini cha mwaka 1983? Hoja hii ina haki yake, nayo huletwa na watunzaji wa makumbusho, ambao kwao mkwaruzo wa zamani una thamani kuliko rangi mpya. Tena ni kweli kwamba vyombo hivi, vilivyouzwa kama vitu vya kuchezea, vinatoweka kwa kasi, na baada ya miaka 50 mtafiti atatamani kukiona kitambaa kilichoshonwa siku zile za mwanzo, chenye jua lake na madoa yake. Ndege nyepesi huleta ugomvi huu kwa ukali kuliko chombo kingine chochote, kwa kuwa ndani yake kile kinachoifanya iwe yenyewe, yaani kitambaa, waya na bomba jembamba, ndicho kile kinachokufa upesi.

Jibu la historia ni kwamba njia zote mbili ni halali, ila hazichanganyiki. Ndege itakayotundikwa na iachiwe kitambaa chake cha kale, iandikwe kwamba haifai kuruka, na iwe hati ya kusomwa. Ndege itakayorushwa na ipewe kila kipya inachohitaji, na kila kipya kiandikwe tarehe. Dhambi ni kuchukua kitambaa cha kale, kukipaka rangi, na kumwambia mnunuzi kwamba ndege imefufuliwa. Huo si uhifadhi wala si utengenezaji. Ni maiti iliyovikwa harusi. Katika maandishi ya kale tendo la namna hiyo huitwa kughushi, na msomi aliyelitenda hupoteza jina lake. Katika ndege anayepoteza kitu si aliyeghushi, bali ni yule aliyeamini.

Kwa sababu hiyo chombo kikubwa kuliko vyote katika banda la fundi wa ndege ya kale si msumeno wala koleo, bali ni daftari. Anayeandika leo kwamba amebadili waya wa kushoto, akataja sababu na siku, amefanya kazi mbili: amemlinda anayeruka kesho, na ameiunganisha tena historia iliyokuwa imekatika. Sheria haimlazimishi. Na kwa kuwa haimlazimishi, kile anachokiandika ni amana kwa maana yake kamili, yaani kitu ambacho mtu hukitunza kwa ajili ya mwingine pasipo shahidi. Kitunze kikutunze, husema watu. Katika habari hii msemo huo wapasa kuongezwa neno, kwamba kitunze kimtunze na usiyemjua.

Ndipo swali lililozaliwa na Wren linapopata jibu lake. Kilichorudi hewani mwaka 1957 hakikuwa ubao wa mwaka 1923, ingawa sehemu ya ubao huo ilikuwamo. Kilichorudi ni ujuzi wa jinsi ubao ule ulivyokusudiwa kubeba, na ukweli wa watu waliokubali kuuhoji upya kabla ya kuuamini. Mwenye dhamana ya kusema kwamba chombo kimerudi salama ni yule aliyeweka mkono wake juu ya kila kiungo na kuandika alichokiona, awe ametumwa na serikali au hakutumwa na mtu. Old Warden, Wren imeonekana mara chache ikiruka hatua fupi karibu na majani, jioni ambazo upepo umelala, kisha ikarudishwa bandani. Walioitunza hawakuidai zaidi ya ilivyoweza kutoa. Wangoja upepo ulale, na usipolala, ndege hukaa ndani.